Wimbo Ulioanza Juu

Niulize kabla hatujafika, maana tukishafika sitakuwa na pumzi ya kuuliza. Neno likitoka kinywani mwa mtu ambaye hakulimaanisha, linaweza kuwa kweli? Msinijibu haraka. Mimi nimetembea na swali hili tangu asubuhi, kama ile ilikuwa asubuhi, kwa sababu jua la huku halina adabu: mara liko kushoto, mara kulia, na kivuli changu kimeshanipita mara tatu bila hata kunisalimia. Ninapanda mlima. Nimevaa joho jeupe lililoshonwa kwa ajili ya mtu mfupi. Nyuma yangu kuna jeshi zima. Mbele yangu hakuna mtu wa upande wetu hata mmoja, isipokuwa mwalimu wa kwaya, naye anatembea kinyumenyume.

Naitwa Lusekelo. Katika kwaya ya Mji mimi ndiye mwanzishaji, yaani yule anayetoa noti na kuimba mstari wa kwanza peke yake, kisha wenzake arobaini wanaingia. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu nina sikio zuri, na kwa sababu nyingine aliyoisema mwalimu mwenyewe mbele ya watu: "Huyu mdomo wake usipopewa kazi, utajitafutia."

Ulijitafutia.

Ilikuwa hivi. Habari ziliingia Mjini kwamba Watatu wanakuja, falme tatu zilizofunga mkataba wa kutumaliza. Hakuna aliyewaona. Lakini hofu haikuhitaji shahidi. Iliingia kama mgeni asiyesema ataondoka lini, tukaipa kiti, tukaipa maji ya kuoga, mwishowe ikawa inatuuliza sisi tunatafuta nini humo ndani. Watu walinunua nyanya kwa kunong'ona. Fundi saa wa sokoni alifungua saa zote akasema hazina ubovu, ila hazitaki. Mtu alikuwa anaamka na miaka thelathini, anapiga mswaki na miaka sabini. Hata jina la Mji lilitutoka. Tulijaribu kulikumbuka, kila mtu akasema lilianza na herufi tofauti, tukaacha.

Mfalme akatufungisha siku tatu bila kula, siku ya tatu akatuita uwanjani. Nitamsifu kwa jambo moja: hakutudanganya. Alisimama juu ya ngazi, midomo imekauka kama yetu, akauliza, "Nani hapa haogopi?" Hakuna mkono uliopanda. Akasema, "Hata mimi. Basi nani anajua la kufanya?"

Kimya.

Sasa, mimi na kimya hatuelewani. Kimya kwangu ni kama upele, lazima nijikune. Nikasema, kwa sauti niliyodhani ni ndogo, "Si mtangulize kwaya. Hao Watatu wakisikia soprano wetu, watarudi kwao wenyewe."

Watu watatu wanne wakacheka, kile kicheko cha njaa kinachotoka puani. Mfalme hakucheka. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.

"Nani amesema hayo?"

Uwanja mzima ukanionyesha. Wananchi wenzangu, asanteni.

"Rudia," akasema.

"Mtukufu, nilikuwa natania."

"Sikukuuliza ulikuwa unafanya nini. Nimesema rudia."

Nikarudia. Mara ya pili hayakuchekesha hata kidogo. Yalitoka mazito, kama vile mtu mwingine alikuwa ameuazima mdomo wangu kwa dakika moja na sasa anaomba tena. Mfalme akapiga magoti pale pale kwenye ngazi, na watu wakaanguka kifudifudi mstari kwa mstari mpaka ukutani. "Bwana amesema," alisema Mfalme. "Kesho waimbaji watatangulia, na jeshi litawafuata."

Dada yangu Tusajigwe, soprano wa kwanza, alikuwa amesimama kando yangu. Yeye hakupiga magoti upesi. Alinitazama.

"Umetuua, Luse," akasema. "Na umetuua kwa mzaha."

*

Kwa hiyo napanda. Nalitafuna lile swali. Kama Mungu alinena kupitia mimi, kwa nini hakunijulisha? Mtu akitumia nyumba yako si anabisha hodi kwanza? Na kama hakunena, basi watu arobaini, dada yangu akiwa mmoja wao, wanatembea kuelekea mikuki kwa sababu Lusekelo aliwashwa. Napima yote mawili, hakuna linalokaa. Nikisema ni Mungu, natetemeka. Nikisema ni mimi, natetemeka zaidi. Labda imani si kujua ni nani aliyesema. Labda ni kuendelea kupanda wakati magoti yako yanapiga kura ya hapana. Lakini hayo nayo ni maneno, na nimeshaona maneno yangu yanavyofanya watu.

Tulipoanza safari, Jemadari alitupa agizo moja. Alikuwa mtu mpana mwenye kovu sikioni, na mkononi alibeba chupa ya chai ambayo hakuinywa. "Watu wangu wanaogopa," alisema. "Sioni aibu kulisema. Miguu yao itafuata wimbo wenu, basi, hakuna kingine kinachowavuta. Wimbo ukikatika nitajua mmekufa, na wao watajua, na hapo sitawashika tena."

"Na tukikohoa?" niliuliza.

"Kohoeni kwa mpigo."

Nikampenda mtu yule.

Mwalimu wetu wa kwaya, Ambakisye, ndiye aliyeamua kupanda kinyumenyume. Hakushauriana na mtu. Kwaya huongozwa kwa kutazamwa usoni, akasema, na yeye hajawahi kuonyesha kwaya mgongo tangu aanze kazi. Kwa hiyo alipanda mlima mzima akitutazama sisi, mikono yake mirefu hewani, kisigino kikitafuta mawe, mgongo wote ameupeleka kwa adui. Sisi tuliona kilele nyuma ya kichwa chake. Yeye aliona nyuso zetu tu.

"Jamani, hizo nyuso," alisema. "Huko nyuma yangu kuna nini, mbona mnanitazama kama mnatazama bili ya hospitali?"

"Hakuna kitu, Mwalimu," akasema Tusajigwe. "Mawe tu."

"Basi imbeni kama watu wanaotazama mawe. Lusekelo, tupe noti."

Hapo ndipo nilipokosea.

Niwaeleze kosa lenyewe, maana asiyewahi kusimama kwenye kwaya ataliona dogo. Noti haitoki kwenye chombo. Inatoka kichwani, inapita kooni, na kooni ndipo hofu hulala. Hofu hukaza koo kama mtu anavyokaza kamba ya mzigo, na koo likikazwa noti inapanda yenyewe, bila ruhusa. Mimi nilisikia sawa kichwani. Mdomoni ikatoka juu. Haikuwa juu sana, mngesikia mngesema kijana leo ana nguvu. Lakini ilikuwa juu kiasi cha kutosha kuua.

*Wewe uliyetuita kabla hatujaitika...*

Wenzangu wakaingia, arobaini kwa mara moja, na nikaona Mwalimu anafumba macho kidogo. Alishajua. Besi walikuwa wanaimba mahali pa sauti ya tatu, sauti ya tatu wamepanda kwenye paa, na soprano, ee Mungu wangu, soprano walikuwa wameshikilia ncha za mti. Ubeti wa kwanza ulipita. Wimbo wetu una beti tatu, zote zinaanza na mstari uleule, na ubeti wa tatu unapanda. Umetungwa hivyo, kuna mahali soprano wa kwanza anaachwa peke yake juu kabisa na wengine wote wanamngoja chini. Kwa noti niliyoitoa, mahali pale hapakuwepo. Hakuna mwanadamu angefika. Dada yangu angefungua mdomo, ingetoka hewa, wimbo ungekatika mita hamsini kutoka kileleni, na nyuma yetu maelfu ya viatu vya matairi vingegeuka.

Tusajigwe aliniegemea bila kugeuza kichwa. Kati ya mstari na mstari akasema, "Shusha."

"Siwezi, tumeshaanza."

"Luse. Sitafika. Shusha."

*

Kushusha.

Katika kwaya yetu wimbo haushushwi ukiwa unatembea. Aliyeanzisha ndiye pekee anayeruhusiwa kuubadili, na kuna njia moja tu, nayo ni kunyamaza. Kunyamaza kabisa, watu wote, na kungoja. Noti ya zamani haitoki masikioni upesi, ni kama harufu ya samaki. Ukianza haraka unajikuta umerudi palepale ulipokuwa. Mwalimu alitufundisha kungoja pumzi tatu. Kila mtu asikilize pumzi ya jirani yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka wote mnavuta hewa pamoja kama ng'ombe mmoja mkubwa. Ndipo mwanzishaji anaanza tena, chini.

Pumzi tatu. Kanisani ni kitu kidogo, watu hudhani tunafungua ukurasa. Hapa ilikuwa ni kuliambia jeshi zima kwamba tumekufa.

Ubeti wa pili ulikuwa unaisha.

Nikawa na miaka saba, nimejificha chini ya kitanda. Nikawa na miaka tisini, nimejificha chini ya kitanda kilekile. Nikajiona niko ng'ambo ya kilele, nimevaa ngozi ya mfalme wa tatu, nasikiliza wimbo unapanda na kusema hawa ni wengi, sikia walivyo juu, nani huimba juu hivi kama hana watu elfu. Nikarudi kwenye joho langu fupi. Nani ananiogopa? Mimi namwogopa nani? Imba, Lusekelo. Endelea, usisimame, atakayekwama si wewe, ni dada. Utasema alikosa pumzi. Wote watakuwa wamekufa, nani atakuuliza? Endelea. Sauti yako inatosha kuficha mambo mengi, imekuficha wewe maisha yako yote. Wewe umeshawahi kunyamaza lini? Hata msibani ulisimulia.

Kama Bwana alisema kupitia mdomo huu, basi sasa alikuwa anautaka ufungwe.

Sikuona mwanga. Sikusikia sauti. Niliamua tu, kama mtu anavyoamua kuruka mtaro, na miguu yangu haikuniamini hata wakati inaruka. Nikainua ngumi juu ya kichwa. Kwetu hiyo ndiyo alama.

Kwaya ikanyamaza.

*

Pumzi ya kwanza.

Nyuma yetu viatu vikasimama. Mtu mmoja akasema, "Wamekwisha." Mwingine akasema jina la mama yake. Nikasikia kokoto zikiteleza, watu wanageuka, wachache, kisha si wachache. Jemadari hakupiga kelele. Nilimtarajia apige. Mwalimu Ambakisye alisimama, mikono hewani, mgongo wake kwa adui na macho yake kwangu. Jasho lilimtoka kwenye ncha ya pua likaanguka.

Pumzi ya pili. Niliisikia ya Tusajigwe, ina mkwaruzo kidogo, aliumwa kifua akiwa mdogo. Nikaisikia ya mwenzangu wa kulia, fundi bomba aitwaye Anyandwile, nzito kama mtu anayevuta gogo. Nikashangaa. Nimeimba na watu hawa miaka sita, na nadhani sikuwahi kuwasikia, kwa sababu nilikuwa naongea. Walikuwa wanaogopa. Ilisikika wazi katika kila kifua. Na bado hakuna aliyeondoka. Kitu kilinishuka kutoka kooni mpaka tumboni, kikakaa chini, kikatulia kama mbwa.

Kabla ya ya tatu, ng'ambo ya kilele, tukasikia kelele. Si wimbo wala ngoma. Ilikuwa sauti ya watu wanaogombana, kwanza wawili, halafu wengi, halafu chuma. Anyandwile akanikodolea macho. Nikatikisa kichwa: bado.

Pumzi ya tatu. Ng'ombe mkubwa akavuta hewa.

Nikaanza chini. Chini kabisa, mahali ambapo mtu huimba akifagia uwanja wake mwenyewe. *Wewe uliyetuita kabla hatujaitika...* Sauti yangu ilitetemeka, sitaficha, ilitetemeka kama karatasi dirishani, lakini ilitetemekea mahali pake. Wenzangu wakaingia. Besi wakapata sakafu. Na tulipofika nusu ya mstari nikasikia kitu ambacho hakipo kwenye wimbo, nikadhani ni mwangwi wa mlima, kisha nikajua si mwangwi.

Jeshi lilikuwa linaimba.

Noti yangu ya kwanza iliwaacha nje watu wote wale. Nani angeimba kule juu, askari aliyelala kwenye matope? Sasa ilikuwa imeshuka mpaka walipo. Waliokuwa wamegeuka wakageuka tena, nikasikia kokoto zikirudi. Waliimba vibaya sana. Waliimba maneno ya ubeti wa kwanza kwenye ubeti wa tatu. Mwalimu Ambakisye, ambaye kwa kosa dogo kuliko hilo aliwahi kumtoa mtu nje ya mazoezi, alikuwa analia na kupanua mikono, anawaongoza na wao pia, kinyumenyume, kisigino kikigusa kilele.

Tulipofika mahali pa juu kabisa, tukamngoja Tusajigwe. Akafika. Akakaa huko kidogo zaidi ya ilivyoandikwa, kwa makusudi, namjua.

*

Bondeni hakukuwa na vita vya kupigana. Vilikuwa vimekwisha. Watatu walikuwa wameuana wenyewe kwa wenyewe, wamelala wote, mfalme juu ya mfalme, bendera tatu zimekanyagwa hata hujui ipi ni ya nani, na masufuria ya uji yalikuwa bado yanachemka juu ya mafiga. Askari wetu walishuka wakiwa wameshika mikuki kama watu walioingia nyumba isiyo yao. Jemadari alikanyaga kwa uangalifu mpaka katikati, akatazama kila upande, akafungua chupa yake ya chai. Wengine walipiga magoti. Mmoja alinibeba begani, akapiga kelele kwamba huyu ndiye, huyu ndiye mdomo wa Bwana, nikamwomba anishushe.

Nilitembea kando, mbali na kuimba, nikamkuta mtu hai. Alikuwa ameketi juu ya tandiko la farasi, mkuki umelala magotini, mtu wa makamo mwenye ndevu zilizokatwa vizuri, za mtu aliyependwa nyumbani. Hakuinuka. Aliongea lugha yetu kwa lafudhi ya watu wa nchi ya chumvi, mojawapo ya zile falme tatu.

"Ninyi ndio mliokuwa mnaimba?"

"Ndiyo, mzee."

"Mlikuwa wangapi?"

"Sisi waimbaji, arobaini na mmoja."

Akafikiri. "Tulisikia elfu," akasema. "Mlikuwa juu sana. Tulikuwa tumejipanga, hatukuogopa sana, tulikuwa tunasubiri tu mtokeze." Akapitisha kidole kwenye ubapa wa mkuki. "Mbona mlinyamaza?"

Majibu yalinijia mengi. Kwamba Bwana aliagiza. Kwamba ilikuwa mbinu. Askari wetu walishaanza kusema hivyo hivyo, niliwasikia.

"Nilikosea noti," nikamwambia. "Niliogopa, nikaanzisha juu. Ikabidi tunyamaze ili nishushe."

Alinitazama muda mrefu, nikajua anatafuta kama ninamdhihaki. Hakuona.

"Mliponyamaza," akasema, "ndipo nilipomsikia jirani yangu anapumua. Tumetembea pamoja siku tisa, bega kwa bega, mimi na yeye, tunapiga ngoma, tunapiga kelele, sikuwahi kumsikia. Pale ndipo nikamsikia, karibu, hapa." Akagusa sikio lake. "Nikajiuliza, huyu anapumulia nini? Nikamwogopa. Nadhani na yeye alinisikia."

Pembeni ya tandiko kulikuwa na mtu amefunikwa blanketi la farasi mpaka usoni. Miguu ilikuwa imenyooshwa pamoja, imefungwa kitambaa, kwa heshima.

Kule nyuma Tusajigwe aliniita. Jeshi linakwenda, akasema, Mfalme anamtaka mwanzishaji mbele. Akaita mara ya pili. Nikampungia mkono watangulie. Kisha nikaketi chini karibu na yule mtu, karibu kiasi cha kumsikia, na sikusema kitu.